Maandishi Yasiyosomwa: Lugha na Uhamisho katika Picha na Filamu za Shirin Neshat

1. Suala

Miongoni mwa picha zote za Shirin Neshat, mojawapo ya zile zilizozunguka zaidi duniani ni ile ya mwaka 1994 inayoitwa Rebellious Silence, yaani "Kimya cha Uasi". Mwanamke aliyejifunika chador, lile vazi jeusi la wanawake wa Irani, anamkabili mtazamaji bila kupepesa macho. Mtutu wa bunduki umesimama wima mbele yake na kuugawa uso wake sehemu mbili. Juu ya ngozi ya uso huo imepangwa mistari ya maandishi ya wino, myembamba na safi.

Mtazamaji wa Ulaya au wa Marekani, akisimama mbele ya picha hiyo katika jumba la makumbusho, huelekea kuunganisha mambo matatu kwa haraka. Bunduki humwambia vita, chador humwambia dini, na maandishi humwambia Kurani. Jambo la tatu si kweli. Maandishi hayo ni shairi la Kiajemi la karne ya 20, na mtunzi wake ni mwanamke.

Kosa hilo la usomaji limetajwa mara nyingi, na kwa kawaida hutajwa kama jambo dogo la kusahihishwa na maelezo ya ukutani. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kwamba kosa hilo limo ndani ya kazi yenyewe, na kwamba sanaa yote ya Neshat, tangu picha za kwanza hadi filamu za karibuni, ni jitihada ya kulijibu swali moja: mtu afanyeje na lugha yake anapoishi miongoni mwa watu wasioweza kuisoma?

2. Safari ya msanii

Neshat alizaliwa mwaka 1957 katika mji wa Qazvin, kaskazini-magharibi ya Tehran. Baba yake alikuwa daktari aliyevutiwa na maisha ya nchi za Magharibi. Akiwa na umri wa miaka 17 binti huyo alipelekwa California kusoma, kama walivyopelekwa vijana wengi wa jamaa zenye uwezo wakati wa utawala wa Shaha. Mapinduzi ya mwaka 1979 yalimkuta huko, akiwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kisha vikafuata vita vya Irani na Iraki, vilivyodumu tangu mwaka 1980 hadi mwaka 1988. Aliyeondoka kama mwanafunzi akajikuta mhamishwa, ingawa yeye mwenyewe hakuvuka mpaka mwingine wowote. Nchi ndiyo iliyobadilika nyuma yake.

Baada ya masomo alihamia New York, na kwa takriban miaka 10 hakutoa kazi za maana za sanaa. Alifanya kazi katika Storefront for Art and Architecture, jumba dogo la maonyesho ya sanaa na usanifu wa majengo. Mwaka 1990 alirudi Irani kwa mara ya kwanza. Mavazi yalikuwa yamebadilika, na sheria na majina ya njia pia. Barabara kuu ya Tehran iliyoitwa Pahlavi alipokuwa mtoto ilikuwa imeitwa Vali Asr. Kwa mwanafunzi wa lugha, mabadiliko ya namna hiyo yana uzito wa pekee. Lugha ya mhamishwa hubaki pale alipoiachia. Yeye huendelea kutaja njia kwa majina ambayo hayamo tena kwenye vibao, na anaporudi husikika kama mtu wa zamani katika mji wa kizazi kipya.

Ziara hiyo na nyingine zilizofuata ndizo zilizozaa kazi zake za kwanza zenye nguvu. Tangu mwaka 1996 hakurudi tena. Karibu kila anachokijua ulimwengu kuhusu "Irani ya Neshat" kimetengenezwa mahali pengine: Marekani, Moroko, Uturuki, Meksiko. Jambo hilo lisichukuliwe kuwa udhaifu kabla ya kuchunguzwa.

3. Ngozi kama ukurasa

Mfululizo wa Women of Allah, yaani "Wanawake wa Mwenyezi Mungu", ulifanywa kati ya mwaka 1993 na mwaka 1997. Picha ni za rangi nyeusi na nyeupe. Mara nyingi msanii mwenyewe ndiye anayeonekana ndani yake, naye mpiga picha mwingine hushika kamera huku Neshat akipanga kila kitu. Baada ya picha kusafishwa, huandika juu yake kwa mkono na kwa wino. Mahali anapoandika pana maana yake: uso, viganja na nyayo, yaani zile sehemu za mwili ambazo vazi huziacha wazi. Katika Offered Eyes ya mwaka 1993 mistari imezunguka ndani ya weupe wa jicho. Katika Speechless ya mwaka 1996 mdomo wa bunduki umetokeza kando ya shavu, mahali ambapo jicho lilitazamia hereni.

Mashairi yenyewe yanatoka hasa kwa washairi wawili ambao hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ni Forough Farrokhzad, aliyekufa katika ajali ya gari mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 32. Aliandika juu ya mapenzi, mwili na upweke wa mwanamke kwa uwazi ambao jamii yake haikuwa imeuzoea. Wa pili ni Tahereh Saffarzadeh, aliyeishi kati ya mwaka 1936 na mwaka 2008. Huyu aliyaunga mkono mapinduzi na kuiona imani kuwa njia ya mwanamke kujikomboa. Mwaka 2001 alichapisha tafsiri yake ya Kurani kwa Kiajemi na Kiingereza.

Kwa msomaji wa Kiajemi, basi, picha mbili zinazofanana kwa mavazi na silaha zaweza kupingana kabisa kwa maneno. Moja hubeba sauti ya mwanamke anayejililia, nyingine hubeba sauti ya mwanamke anayeapa kumfuata shahidi. Rebellious Silence hubeba maneno ya Saffarzadeh. Mgongano huo ndio maudhui ya mfululizo mzima, kwa sababu Neshat hakuwa na jibu moja juu ya mapinduzi, naye hakujifanya kuwa nalo. Lakini mgongano umewekwa ndani ya lugha. Asiyeijua lugha hiyo huona wanawake wale wale, hati ile ile, tisho lile lile.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kwa karne kadhaa Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 iliandikwa hivyo, na Tippu Tip, ambaye habari zake zimeungana na Kasongo na Maniema, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati hiyo. Mgeni aliyeziona karatasi za namna hiyo angeweza kusema "Kiarabu" na kwenda zake, bila kujua kwamba ameiruka lugha nzima. Kiajemi kimepatwa na hali hiyo hiyo. Kimeongeza herufi nne katika zile za Kiarabu, kwa ajili ya sauti ambazo Kiarabu hakina, miongoni mwao p na ch. Aliyezoea kuangalia nukta angezitambua kwenye shavu la mwanamke yule. Hati moja haimaanishi lugha moja, wala lugha moja haimaanishi mawazo mamoja.

4. Lawama na uzito wake

Wapo wahakiki, na Wairani wamo miongoni mwao, waliozilaumu picha hizi kwa ukali. Hoja yao ni kwamba bunduki na chador ni bidhaa zinazouzika Magharibi. Wanasema msanii anayeishi New York anawapa wanunuzi ile Irani ambayo tayari wameiona katika televisheni, na kuipamba kwa hati nzuri ili ipendeze ukutani. Wanaongeza kwamba wanawake wa Irani wanaofanya kazi, wanaosoma na kubishana kila siku katika nchi yao hawamo katika picha hizo.

Lawama hiyo haipasi kutupwa. Sehemu yake ni ya kweli. Picha iliyotundikwa bila tafsiri ya shairi huwaonea washairi wenyewe. Farrokhzad na Saffarzadeh hugeuzwa kuwa nakshi, na maneno waliyoyatunga kwa gharama kubwa hutumika kama urembo wa kitambaa. Mtazamaji anayeondoka akiamini kwamba ameona aya za Kurani juu ya uso wa mpiganaji ameondoka na chuki mpya, nayo imesaidiwa na uzuri wa picha. Msanii aliyejua kwamba watazamaji wake wengi hawasomi Kiajemi hawezi kuepuka fungu lake la dhamana.

Hata hivyo, lawama hiyo inasahau jambo moja. Inachukulia kwamba picha zilikusudiwa kueleza wanawake wa Irani walivyo, kama ripoti ya mwandishi wa habari. Anayeonekana ni Neshat mwenyewe, mwanamke aliyekosa mapinduzi na vita, ambaye anavaa vazi ambalo hakulivaa zilipotokea habari hizo na kujiuliza angekuwa nani kama angebaki. Ndiyo maana bunduki hazifyatuliwi na midomo haifunguki. Picha zinaonyesha hali ya mtu aliye kati ya watu wawili: walio nyuma yake wanaweza kusoma lakini yeye hayupo nao, na walio mbele yake wanamtazama lakini hawawezi kusoma. Methali inasema mwacha asili ni mtumwa. Neshat hakuiacha asili yake, bali aliibeba hadi mahali ambapo hakuna aliyeijua, na utumwa wa namna hiyo methali haikuutaja.

Kwa hiyo yafaa kutoa hukumu yenye pande mbili. Kama picha za Irani, Women of Allah ni finyu. Kama picha za uhamisho, ni kweli tupu, na upofu wa mtazamaji ni sehemu ya ukweli huo.

5. Kutoka hati hadi sauti

Dalili kwamba Neshat mwenyewe aliliona tatizo ni kwamba hakubaki katika mtindo ule. Mwaka 1998 alitoa Turbulent, filamu fupi ya takriban dakika 10 inayoonyeshwa kwenye viwambo viwili vinavyoelekeana. Mtazamaji huketi katikati na hawezi kuvitazama vyote kwa mara moja.

Kwenye kiwambo cha kwanza mwanamume anaimba shairi la Rumi mbele ya ukumbi uliojaa wanaume wenye mashati meupe. Anayeonekana ni Shoja Azari, na sauti ni ya mwimbaji mashuhuri Shahram Nazeri. Uimbaji ni wa fahari, na watu wanashangilia. Kwenye kiwambo cha pili mwanamke amesimama kimya, ametupa mgongo, mbele ya viti vitupu. Anapoanza, kamera inamzunguka, na kinachotoka kinywani mwake si shairi wala neno lolote la Kiajemi. Ni pumzi, vilio, mikwaruzo ya koo, sauti zinazorudiana na kupandana. Mwimbaji huyo ni Sussan Deyhim. Kule ng'ambo mwanamume na hadhira yake wamebaki wakitazama bila kusema kitu.

Habari ya kisheria iliyo nyuma ya filamu inajulikana: baada ya mapinduzi, mwanamke hakuruhusiwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Ukumbi mtupu ni sheria hiyo iliyowekwa katika umbo la viti. Lakini kwa suala la lugha, tendo kubwa liko mahali pengine. Katika picha za awali maneno yalikuwa mengi na hakuna aliyeyasikia. Hapa maneno yameondolewa, na kila mtu anasikia. Mwirani na mgeni wanawekwa sawa mbele ya sauti ya Deyhim, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao mwenye kamusi yake. Mwanamume ana shairi kubwa la kale, ana hadhira, ana makofi. Mwanamke hana chochote cha kurithi katika ukumbi ule, hivyo anabuni. Mtazamaji asiyejua neno la Kiajemi hawezi kusema kwamba amekosa jambo la msingi.

Rapture ya mwaka 1999 inaendelea na viwambo viwili: wanaume wamo ndani ya ngome kandokando ya bahari, wanawake wanavuka jangwa hadi ufukoni, na baadhi yao wanaondoka kwa mashua. Mwaka huo huo Neshat alitunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice. Soliloquy, nayo ya mwaka 1999, ndiyo inayogusa uhamisho waziwazi kuliko nyingine zote. Msanii mwenyewe anaonekana kwenye viwambo vyote viwili, katika mji wa kale wa Mardin nchini Uturuki na katika majengo ya saruji na vioo ya Albany, jimbo la New York. Mmoja anapotembea, mwingine husimama na kumtazama. Hawakutani, na filamu haiahidi kwamba watakutana.

6. Filamu ndefu na bei ya kueleweka

Mwaka 2009 Neshat alionyesha filamu yake ndefu ya kwanza, Women Without Men, yaani "Wanawake bila Wanaume", iliyompatia Simba wa Fedha wa uongozaji katika tamasha la sinema la Venice. Chanzo chake ni riwaya ya Shahrnush Parsipur iliyotoka mwaka 1989, ambayo ilipigwa marufuku Irani na kumtia mwandishi wake taabuni. Hadithi imewekwa Tehran mwaka 1953, wakati serikali ya Mossadegh ilipopinduliwa kwa msaada wa majasusi wa Marekani na Uingereza. Tehran hiyo ilijengwa upya nchini Moroko. Riwaya ina wanawake watano. Filamu imebaki na wanne, kwani Mahdokht, yule anayejipanda kama mti, ameachwa nje.

Hapa Kiajemi kinasemwa kwa sauti na kutafsiriwa chini ya kiwambo. Hakuna tena anayeweza kukosea. Mtazamaji wa Marekani anajifunza kwamba nchi yake ilikuwa na mkono katika kuua demokrasia ya Irani, somo ambalo bunduki za Women of Allah hazikumpa. Hii ni faida kubwa. Lakini kuna kilichopotea pia. Wahusika wanapoeleweka kwa kila neno, ile hali ya kusimama kati ya wanaosoma na wasiosoma inatoweka, na baadhi ya matukio yanabaki mazuri kama picha za ukutani bila kuuma. Bustani ambamo wanawake wanakimbilia ina ukungu mwingi kuliko uzito.

Looking for Oum Kulthum ya mwaka 2017 ililirudia tatizo kwa ukweli zaidi. Mhusika mkuu ni Mitra, mwongozaji wa kike wa Kiirani aishiye uhamishoni, anayejaribu kutengeneza filamu juu ya mwimbaji mkuu wa Misri bila kukijua Kiarabu. Filamu ndani ya filamu inakwama. Wako walioona huo kuwa udhaifu, na kwa usimulizi hawakukosea sana. Hata hivyo Neshat alithubutu kujiweka upande wa pili: safari hii yeye ndiye anayeipenda sauti ambayo maneno yake hayafahamu, kama watazamaji wake walivyozipenda picha zake.

Hatua hiyo ndiyo iliyofungua njia ya Land of Dreams, yaani "Nchi ya Ndoto", ya mwaka 2019. Neshat alikwenda katika jimbo la New Mexico na kupiga picha zaidi ya 100 za wakazi wa huko: weupe, weusi, wenye asili ya Kimeksiko, na wenyeji wa kwanza wa nchi. Aliwauliza ndoto zao. Kisha, kwenye baadhi ya picha hizo, akaandika kwa mkono na kwa Kiajemi, pembezoni mwa sura zao, majina yao na ndoto zao. Pamoja na picha hizo zimo filamu zinazomfuata Simin, mpiga picha wa Kiirani anayebisha hodi nyumba kwa nyumba kukusanya ndoto za Wamarekani na kuzipeleka katika kituo cha siri mlimani.

Hati ni ile ile ya mwaka 1994, lakini mahali pa kila mtu pamegeuzwa. Sasa Mmarekani ndiye aliyezungukwa na maandishi asiyoweza kuyasoma, na maandishi hayo yanamhusu yeye. Hawezi kusema ni Kurani, kwa kuwa ndoto ni yake mwenyewe. Ili ajue kilichoandikwa juu yake, hana budi kumwomba mgeni amsomee. Katika kazi nzima ya Neshat hakuna jibu bora kuliko hilo kwa lawama zilizotajwa hapo juu.

7. Hitimisho

Picha za Women of Allah hazikubaki katika makumbusho. Baada ya kifo cha Mahsa Amini mwezi wa Septemba mwaka 2022, na maandamano yaliyofuata chini ya wito wa "Mwanamke, Maisha, Uhuru", kazi za Neshat zilionyeshwa hadharani London na Los Angeles. Wapita njia wa miji hiyo hawakuwa wasomaji wa Kiajemi zaidi kuliko wale wa miaka ya 1990. Tofauti ni kwamba safari hii wengi wao walijua kuna kitu cha kusomwa.

Wanafunzi wa lugha na fasihi wanaweza kuchukua somo moja la kazi kutokana na sanaa hii. Uhakiki wa picha yenye maandishi hauwezi kuanza na umbo peke yake. Kwanza iulizwe ni lugha gani, ni nani aliyetunga, na nani aliyekusudiwa kusoma. Mhakiki asiyeuliza hayo atasifu wino na kumsahau mshairi. Neshat aliwasahaulisha watazamaji wake washairi kwa muda, na hilo limebaki doa katika kazi yake ya mwanzo. Lakini alitumia miaka 25 kutafuta njia ya kuwarudisha, kwanza kwa kuifuta hati na kuacha sauti, kisha kwa kuirudisha hati na kumweka mbele yake mtu mwingine. Wahamishwa wengi huishia kuchagua kimoja kati ya kueleweka na kubaki na lugha yao. Yeye alikataa kuchagua, na kazi zake bora ni zile ambamo kukataa huko kunaonekana kuwa kugumu.